Muulize Mwalimu: Nimejirejelea mara 14, ni kosa?

Barua za mwezi huu zilinikuta Mpunguzi, kwenye kishamba changu cha zabibu, mikono imejaa utomvu na mkasi hauna makali. Nimejibu tatu. Ya kwanza imekula nafasi kubwa na wengine mnisamehe, lakini ni swali ambalo hata mimi nililikimbia kwa miaka mingi.

*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Dodoma. Nimeandika makala kuhusu watoto wa Bahi wanaokosa masomo mpunga unapoanza kujaza punje, kwa sababu wanapelekwa mashambani kuamia ndege. Mhariri wa jarida ameirudisha na maneno mafupi: "Mwandishi amejirejelea mara 14. Apunguze." Nimehesabu, ni kweli: mara 14 nimetaja kazi zangu mwenyewe. Lakini Mwalimu, mimi ndiye niliyekaa Bahi misimu miwili, na sijaona mwingine aliyeandika juu ya jambo hili. Nimrejelee nani? Mwenzangu tunayekaa ofisi moja alicheka, akaniambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tangu siku hiyo naona aibu hata kulifungua faili. Je, kujirejelea ni kosa la kimaadili? Na makala niliyoandika na msimamizi wangu, nayo inahesabiwa kuwa yangu? Nimeambatanisha makala pamoja na tasnifu.
Mhadhiri Msaidizi, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuambatanisha. Wengi hunieleza makala zao kama mgonjwa anayempigia daktari simu. Wewe umekuja na mguu wenyewe. Niliichapisha nikakaa nayo chini ya mwarobaini, kalamu nyekundu mkononi.

Kwanza tuhesabu sawasawa. Jina lako limetokea mara 14 ndani ya matini, hapo mhariri hajakosea. Lakini kwenye orodha ya marejeo kule mwisho una kazi 38, na zako ni 4: tasnifu ya umahiri, makala mbili, na ile mliyoandika na msimamizi. (Ndiyo, ya pamoja ni yako, na ni yake. Wanaohesabu mambo haya kwa ukali huhesabu hata rejeo lililotoka kwa mwandishi mwenza.) Kanzidata zinazokusanya marejeo hazijali kama tasnifu umeitaja mara 9 au mara 1; kwao ni rejeo moja tu. Kwa hiyo wewe ni 4 kati ya 38, yaani kama 10 na nusu kwa mia. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa makala milioni 1.5 zilizomo katika JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, za tangu 1779 hadi 2011, wakakuta karibu asilimia 10 ya marejeo yote ni ya watu kujirejelea. Uko palepale walipo wenzako. Kwa namba huna kesi.

Kesi yako iko kwenye sentensi. Nilizipitia zote 14, moja moja.

Mara 5 ni halali kabisa. Unaposema kaya ulizozihoji ni zilezile za tasnifu, na hojaji ni ileile, ni lazima uitaje tasnifu. Usipoitaja utaingia kwenye kosa kubwa zaidi, la kuuza mzigo wa zamani kana kwamba umeshuka leo. Hizo usiguse hata mhariri akikasirika.

Mara 3 zimebanana katika aya moja ya ukurasa wa 4, sentensi tatu mfululizo, kila moja na jina lako kwenye mabano. Bakiza moja. Msomaji si kipofu.

Mara 4 zilinifanya niweke kalamu chini. Umeandika, "Kwelea kwelea huwatia hasara kubwa wakulima wa nafaka," kisha jina lako na mwaka juzi. Mwanangu! Ndege hawa wameandikwa tangu kabla ya uhuru. Bibi yangu, aliyekuwa akishinda shambani kwenye uwele akipiga debe bovu, angeshangaa kusikia kwamba habari hii imegunduliwa na wewe. Hapa ndipo maadili yanapoingia: mtu alilima kabla yako, wewe umeuhamisha mpaka wa shamba lake usiku. Hujamuibia maneno, umemuibia nafasi yake ya kuwa wa kwanza. Watafute walioonyesha jambo hilo kwa vipimo, uwataje wao.

Mara 2 zilizobaki ni mapambo. "Suala la sera ya elimu limejadiliwa kwa kina," halafu jina lako tena. Nikafungua tasnifu: aya moja, ukurasa wa 61. Hicho ni kina cha goti.

Sasa hilo la "sijaona mwingine aliyeandika". Umetafuta wapi? Naona kwenye intaneti, maana kazi zote 38 za orodha yako zina anwani ya mtandao. Tasnifu nyingi za vyuo vyetu zimelala kwenye rafu, jalada gumu jeusi, na hakuna aliyezipakia popote. Siku moja panda maktaba, uache simu kwenye mkoba, upitie rafu za elimu na za kilimo. Halafu badilisha maneno. Wewe unatafuta "kuamia ndege"; mwenzako wa mwaka 1985 huenda aliandika "utoro wa msimu" au "kazi za watoto mashambani". Na ofisi za kilimo za wilaya zina ripoti za miaka mingi za milipuko ya ndege hao. Nikiona umefanya hivyo na bado hujapata kitu, nitakuwa wa kwanza kukuambia ujirejelee bila haya.

Nakwambia haya kwa sababu yamenikuta. Mwaka 1993 nilikuwa na utafiti wa kuni katika kijiji kimoja upande wa Chamwino. Mama mwenye nyumba niliyofikia aliniambia jioni moja, tukila mlenda, kwamba kwenda na kurudi kuchukua kuni kulimgharimu saa 4. Nikaandika kwenye makala yangu ya kwanza: "Wanawake wa eneo hili hutumia takribani saa 4 kwa safari moja." Sikupima, sikumuuliza jirani. Makala ya pili ikarejelea ya kwanza. Ya tatu ikarejelea ya pili, na humo neno "takribani" likadondoka. Kufikia ya nne nilikuwa naamini mwenyewe.

Miaka kama kumi na mbili baadaye aliingia ofisini kwangu mwanafunzi, kijana mpole asiyependa kuketi hadi aambiwe. Akatandaza makala zangu zote nne mezani, kila moja ina kipande cha karatasi pale penye sentensi. Akasema, "Mwalimu, nimerudi nyuma mpaka mwanzo. Sijapata mahali ulipopima." Nilimwambia arudi kesho. Kesho yake nilijidai nina kikao.

Huku Ugogo, kiangazi kikikaza, watu hufuata njia hadi kwenye korongo, wakafukua mchanga mpaka maji yatoke. Rejeo ni njia ya namna hiyo. Msomaji anaifuata akiamini kwamba kule mwisho kuna mtu aliyefukua. Yule kijana alifuata njia zangu, korongo baada ya korongo, na kila alipofika alikuta kibao chenye jina langu kinachomwelekeza korongo la nyuma. Kwa hiyo ukiniuliza kujirejelea ni kosa lini, sitakupa asilimia. Nitakuuliza: huyu akirudi nyuma hadi mwisho, atakuta umepima?

Linganisha na Kongwa, hapo jirani tu. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins na wenzao Watanzania walikuwa huko wakichunguza vikope, ugonjwa wa macho unaopofusha ambao wataalamu wanauita trakoma. Mwaka 1989 walichapisha matokeo kuhusu uhusiano wa nyuso safi za watoto na ugonjwa huo katika familia. Mwaka 1995 wakachapisha katika jarida la The Lancet jaribio walilolifanya katika vijiji 6: vyote vilipewa dawa, lakini nusu yake walihimizwa pia kunawisha watoto uso. Sasa niambie, makala ya 1995 ingeandikwaje bila kurejelea ya 1989? Ya kwanza iliuliza, ya pili ikajaribu. Watu walewale, wilaya ileile. Angetokea mhariri wa kuwaambia wapunguze, angekuwa anawaambia wabomoe msingi na nyumba ibaki juu. Utafiti wa mahali pamoja kwa miaka mingi hauna njia nyingine. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeandika kuhusu sarufi ya Cigogo, akawa amebaki na wenzake wanaohesabika kwa vidole.

Kwa nini basi wahariri wamekuwa wakali hivi? Kwa sababu rejeo limegeuka sarafu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoitwa h. Ukiwa na makala 7, na kila moja imerejelewa angalau mara 7, h yako ni 7. Chepesi, ndiyo maana kamati za kupandisha vyeo zinakipenda. Lakini tazama mwanya wake. Mtu mwenye h ya 7 anaweza kukaa usiku akaona kwamba makala fulani imebakiza marejeo mawili ili afike 8. Makala inayofuata ataiandikia tu mahali pa kuzibandika. Hakuna data aliyoghushi wala sentensi aliyoiba. Amejipandisha tu kwa kamba aliyoishika mwenyewe.

Mwaka 2019 kikundi cha watafiti kiliweka wazi takwimu za wanasayansi kama 100,000 wanaorejelewa sana duniani, na kikaonyesha marejeo yakoje ukiondoa ya kujirejelea. Mtu wa katikati kwenye orodha alikuwa na asilimia 12.7 ya kujirejelea. Lakini walikuwapo watu wasiopungua 250 ambao zaidi ya nusu ya marejeo yao yalitoka kwao wenyewe au kwa waandishi wenza. Na Italia, baada ya sheria ya 2010 kufanya namba za marejeo kuwa sehemu ya kumpitisha mtu kwenye uprofesa, uchunguzi mmoja uliochapishwa pia 2019 ulionyesha Waitaliano wameanza kujirejelea na kurejeleana wenyewe kwa wenyewe kuliko nchi nyingine walizolinganishwa nazo. Wale watu hawakuharibika tabia wote mwaka mmoja. Waliwekewa mizani, wakajifunza kuikanyaga. Sisi nasi tunaelekea huko, na ningependa wanaotunga miongozo ya pointi za kupanda daraja wakumbuke kuondoa marejeo ya kujirejelea kabla ya kujumlisha. Ni kazi ya dakika chache.

Mwisho, huyo mwenzako wa kizuri chajiuza. Mwambie methali hiyo ni ya sokoni, na hata sokoni si kweli. Muuza zabibu wa stendi asiyeita wateja hurudi nyumbani na ndoo imejaa. Watafiti wawili waliowachunguza wanasayansi wa Norway walionyesha mwaka 2007 kwamba kila rejeo moja la kujirejelea huendana, baada ya miaka 5, na marejeo kama matatu zaidi kutoka kwa wengine. Kujitembeza kunauza, na ndiyo hatari yake. Na ule uchunguzi wa JSTOR niliokutajia ulikuta wanaume wanajirejelea kwa asilimia 56 zaidi ya wanawake; katika miaka 20 ya mwisho wa data ilifika asilimia 70. Kwa hiyo kabla hujaona aibu, angalia pia aliyekucheka. Muombe makala yake ya mwisho, uhesabu.

Mwandikie mhariri hivi: "Nimeondoa marejeo 8 kati ya 14. Nimebakiza 6 kwa sababu yanaeleza chanzo cha data, na bila hayo msomaji hawezi kujua kaya hizi ziliteuliwaje." Usiombe radhi. Mhariri mzuri ataelewa, na asiyeelewa kuna majarida mengine.

Umeuliza kila kitu isipokuwa kilichompata yule kijana wa ofisini. Alipima. Ilikuwa saa 2 na dakika kadhaa.

*

Mwalimu, makala yangu imerudi kutoka kwa wapitiaji wawili, wale wanaoikagua kwa niaba ya jarida kabla haijachapishwa. Mmoja ameniambia niongeze kazi nne "muhimu sana". Zote nne ni za mtu mmoja, na moja tu ndiyo inayogusa mada yangu. Majina ya wapitiaji hufichwa, lakini nadhani nimemjua. Nikikataa atanikwamisha?
Mtafiti, Singida

Umemjua, au unadhani umemjua? Usiandike jina la mtu popote, hata kwenye ujumbe wa simu kwa rafiki.

Soma zote nne kwanza, kwa haki. Ile moja inayogusa mada yako, iongeze. Tatu usiongeze. Kwenye barua ya majibu usimjibu yeye. Zungumza na mhariri, kwa upole: nimeisoma kazi ya kwanza na nimeitumia aya fulani. Hizi nyingine zinahusu jambo jingine, sikuona pa kuziweka. Kisha mwombe mhariri atoe uamuzi. Kamati ya maadili ya uchapishaji inayojulikana kwa kifupi COPE, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, inawaambia wapitiaji waziwazi wasipendekeze kazi zao kwa ajili tu ya kuongeza hesabu ya marejeo. Mhariri anayejua kazi yake anaujua mwongozo huo.

Tatizo linakuja mhariri mwenyewe akiwa ndiye anayedai. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha uchunguzi uliohoji watafiti zaidi ya 6,000 wa uchumi, sosholojia, saikolojia na biashara, na karibu mmoja kati ya watano alisema amewahi kushinikizwa na mhariri aongeze marejeo ya jarida lenyewe bila sababu ya kitaaluma. Likikukuta hilo, kama una nafasi ya kuhama, hama. Najua si kila mtu ana nafasi hiyo. Mwenye mkataba unaoisha Juni ana hesabu tofauti na mimi mstaafu mwenye zabibu. Ukilazimika kuziweka, ziweke kwa namna inayosema kweli: "Kwa mjadala wa jambo jingine, tazama..." Msomaji makini atacheka, ataelewa.

*

Mwalimu, unawafundisha watu kufuata marejeo hadi mwisho, nami nimekufuata wewe. Kwenye safu ya mwezi uliopita ulisema, "Namna ya kujirejelea pale majina yanapofichwa nilishaieleza Machi." Nimeitafuta ya Machi kwa mwalimu mwenzangu anayezihifadhi. Umeandika: "Hilo nitalieleza siku nyingine." Siku nyingine ni lini?
Mwalimu wa sekondari, Mpwapwa

Nimeomba safu ya Machi, nimeisoma mara mbili nikitumaini umekosea. Hukukosea. Kijana wa makala nne amehamia Mpwapwa.

Deni lenyewe ni hili. Jarida likificha jina lako kwa wapitiaji, usiandike "kama nilivyoonyesha katika utafiti wangu wa awali". Jitaje kwa jina na mwaka kama unavyomtaja mtu mwingine yeyote, mtu wa tatu: fulani alionyesha hivi. Usifute jina lako kwenye orodha ukaacha pengo jeusi, maana pengo ndilo linalokutangaza. Ikiwa kazi ile ni mwendelezo ulio wazi kiasi kwamba hata mtu wa tatu hakufichi, weka neno "Mwandishi" na mwaka, umweleze mhariri peke yake, na urudishe jina makala ikishakubaliwa. Ondoa pia jina lako kwenye taarifa zinazojificha ndani ya faili, na shukrani kwa mume, mke na msimamizi zisubiri.

Na badilisha jina la faili. Nimewahi kupokea makala iliyofichwa kwa ustadi mkubwa kurasa zote 22, halafu faili linaitwa kwa jina la mwandishi, cheo chake, na maneno "ya mwisho kabisa".